Pwani Inakuja Tabora

Wiki hizi wanamwaga lami mtaani kwetu Ipuli. Watoto wanashangilia, wenye magenge wananung'unika, na mimi nimefunga madirisha ya upande wa barabara. Wanangu wanadhani harufu inanichefua. Hainichefui. Inanichukua. Nikiivuta mara moja tu, kuta hizi za tofali zinaondoka, najikuta nimechuchumaa kwenye nyasi zenye umande, miguu mitupu. Mbele yangu kuna kigingi kilichochovywa lami chini na kupakwa chokaa kichwani, na nyuma ya kigingi maji mengi yametulia, kama vile hayana safari.

Mimi si mtu wa kukaa naota ota. Niliowalea wanajua. Shule niliishia darasa la nne, na maisha yangu yote nimeyapitisha kwenye jembe na sufuria, huko hakuna nafasi ya ndoto. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia bara huku, mtanielewa nikisema kuna kipande kimoja cha utoto kinachobaki kimesimama wakati vingine vyote vimeshaanguka. Changu kinanuka lami.

Tulikuwa tunakaa nje ya mji, kule bondeni walikojenga bwawa. Ukuta wake ulikuwa umekamilika juzi juzi tu, na maji yalikuwa bado yanatafuta pa kulala. Kila mvua zilipokuja yalipanda kidogo, yakala shamba la huyu, yakala mihogo ya yule, kiangazi yakarudi nyuma kidogo, lakini hayakurudi yote. Miti iliyokutwa na maji ilikufa ikiwa wima. Ikawa myeupe, ndege weusi wakaja kukaa juu yake wakitandaza mabawa yakauke. Asubuhi, ukungu ulipotanda, hukuona maji wala hukuona mbingu. Uliona ile miti tu, imening'inia hewani, na ndege wake.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, kando ya njia ya zamani. Njia yenyewe siyo barabara. Ni ule mfereji uliochimbwa na miguu ya watu, walimokuwa wakipita wapagazi na mizigo yao kabla babu zetu hawajazaliwa. Mama alikuwa akinionyesha kwa kidevu, mikono ikiwa kwenye kazi: "Njia hii ndiyo ya pwani, Nyamizi. Baba yako kapita hapa."

Baba alikwenda Tanga kukata mkonge mimi nikiwa bado mgongoni. Sura yake sikuwa nayo. Nilikuwa na njia tu. Mwanzo zilikuja salamu, zikiletwa na watu waliorudi. Mwaka huu mzima, mwaka ule mzima, halafu zikakatika. Mama hakulia mbele yangu. Alifagia. Kila asubuhi alifagia ile njia kuanzia mlangoni mpaka pale inapoanza kushuka, kama mtu anayefagia uwanja wa wageni.

Sasa angalieni mambo yalivyokaa. Njia ya pwani ilianzia mlangoni kwetu, ikashuka bondeni, na miezi ile ikawa inaingia majini na kupotelea humo. Mtoto mwenye akili zake angefikiri nini?

Halafu akaja Bwana Vipimo.

Jina lake la kweli tulikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mzaramo wa Bagamoyo, mrefu, mwembamba, kofia ya ukindu, suruali iliyokunjwa mpaka magotini. Watu wa maji walimleta apime bwawa: maji yanafika wapi kila msimu, ukingo unamegeka kiasi gani, tope linajaa kwa kasi gani, ili ijulikane nani abaki na nani ahame. Alikuwa na darubini ya miguu mitatu, ubao mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe, mnyororo wa kupimia, na kamba yenye risasi mwishoni, mwenyewe akiiita bildi, aliyoitumbukiza kutoka kwenye mtumbwi kujua kina. Tope aliliteka akalitia kwenye makopo ya maziwa na kuyafunga kwa kitambaa. Mimi nilidhani anampelekea mtu ale.

Kambi yake ilikuwa juu kwenye mwinuko, lakini chakula alikula kwetu, mama akimpikia. Asubuhi ya kwanza nikamsikia akisema, kanyanyuka tu kutoka kwenye kigoda:

"Nashuka pwani mara moja, Mama Nyamizi. Uji ukipoa, nifunikie."

Nilibaki na kijiko mdomoni. Anashuka pwani! Mara moja! Baba yangu kaenda huko hajarudi, na huyu anakwenda na uji wake unamngoja. Na kweli, kabla jua halijakaa sawa, huyu hapa, miguu imejaa tope, anaulizia uji.

Nilikuja kuelewa nimeshakuwa mama wa watoto. Kwao Bagamoyo pwani ni pale tu maji yanapogusana na nchi. Mtu anashuka pwani kama sisi tunavyokwenda kisimani. Kwetu Tabora pwani ni mahali. Pwani ni mwisho wa dunia, ndiko zinakotoka nazi na ndiko anakopotelea mwanamume. Neno moja, watu wawili, na mimi katikati na akili ya miaka mitano au sita.

Nikamfuata. Sikumwuliza kitu siku ile, nilimtazama tu. Alipigilia vigingi kwa mstari, kuanzia karibu na maji mpaka juu kwenye mwinuko, vya mninga, vimechovywa lami visiliwe na mchwa. Kimoja kilikuwa karibu na mpera wetu, kingine karibu na kinu, kingine nyuma ya jiko. Huko juu kabisa, mwisho wa mstari, alijenga jiwe la zege, akalipiga msumari wa shaba utosini.

"Hili ndilo mama," akaniambia. "Maji yataondoka, ukingo utaondoka, vigingi vitaoza. Huyu hatoki hapa. Kila kipimo kinaanzia kwake na kinarudi kwake."

Nikaliamkia lile jiwe. "Shikamoo."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaitikia yeye kwa niaba ya jiwe: "Marahaba, mwanangu."

Tangu hapo nikawa mtu wake. Kila asubuhi nilikuwa nikimwuliza, "Pwani iko wapi leo?" Naye alijibu kama anavyomjibu mtu mzima. Leo imesimama. Leo imerudi nyuma unyayo mmoja, jua limekuwa kali. Na mvua zilipoanza: "Leo pwani imesogea, binti. Imesogea kweli. Inakuja kwenu."

Pwani inakuja. Nilibeba maneno yale kifuani kama mtu aliyebeba yai. Sikumwambia mama, nilitaka imshtue kwa furaha. Nililala nikaiona inakuja: miti yenye nazi, watu wenye kanzu, makuti, na katikati yao mtu mmoja asiye na sura, ananyoosha mkono. Haikunisumbua kwamba hana sura. Nilijua ataivaa akifika.

Vigingi nikavilinda kama watoto. Wachunga mbuzi walipotaka kuvifungia kamba niliwatimua kwa mawe. Na kila siku nilishuka kuonja maji. Nilikuwa nimesikia kwamba maji ya pwani ni ya chumvi. Nilichovya kidole, nikalamba. Matope. Kesho yake nikachovya. Majani yaliyooza. Sikukata tamaa. Siku moja, jua limewaka, nimekimbia kutoka juu mpaka chini, nikachovya kidole, nikalamba, nikasikia chumvi. Chumvi kabisa! Nikapanda mbio mpaka kwenye darubini.

"Bwana Vipimo! Yameanza kuwa ya chumvi!"

Akanitazama, jasho linanitiririka mpaka kwenye viganja. Hakucheka. Akashuka na mimi, akachovya kidole chake, akalamba, akafumba macho.

"Bado," akasema. "Lakini umefanya vizuri kuja kusema. Mpimaji anaonja mara nyingi kabla hajaamini."

Mgeni wetu mwingine alikuwa mama mkubwa Kalunde, dada yake mama, aliyekaa Chemchem mjini na kuuza vitumbua. Huyo na Bwana Vipimo walikuwa watani, Mnyamwezi na Mzaramo, na ninyi mnajua hapo hakuna simile. Mara ya kwanza nilipowasikia nilijificha nyuma ya kinu nikijua watauana.

"We Mzaramo! Mbona unayachoma maji na fimbo? Yamekukosea nini?"

"Nayafundisha adabu. Yamekaa na Wanyamwezi, yamekuwa mazito kuelewa."

"Ondoka hapa, mwizi wa nazi. Babu yangu kambeba babu yako kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Alikuwa ndani ya mzigo, kajificha kwa uvivu!"

"Ndiyo maana bega lako moja liko chini. Njoo nikuongezee mnyororo huu upande wa pili, unyooke."

Siku hiyo hiyo Bwana Vipimo akamnyang'anya mwavuli wake, mwavuli mpya mweusi, akaenda kuusimamisha juu ya darubini isichomwe na jua. Mama mkubwa akarudi Chemchem utosi ukiungua, anatukana njia nzima, na furaha imemjaa. Nikamwuliza mama mbona hakuudai.

"Mtani akichukua, amechukua," mama akasema. "Humkasirikii. Ukimkasirikia, wewe ndiye umevunja."

Lakini mama mkubwa hakuwa anakuja kwa ajili ya utani. Alikuja kumtoa mdogo wake pale. Jirani zetu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Mwingine Puge kwa ndugu zake, mwingine Ipuli, mwingine hatukujua wapi. Asubuhi uliona mapaa yamevuliwa nyasi na mlango umelazwa juu ya mkokoteni. Nyumba zilizobaki tupu zilikunywa maji kwa chini, taratibu, zikainama, zikapiga magoti. Mchana kimya ulisikia ukuta unateleza ndani ya maji, hata hautoi kishindo, kama mtu anayekaa mwenyewe.

Jioni moja wakawa jikoni, wawili, wanaongea Kinyamwezi, na mimi niko kwenye mkeka na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Sikusinzia, mlaumuni anayesema watoto hawasikii.

"Njoo kwangu," mama mkubwa akasema. "Chumba kipo. Huyu mtani kaniambia bila mzaha, mvua hizi maji yatafika jikoni kwako."

"Nyumba hii mume wangu kaiacha hapa. Ataikuta hapa."

"Akirudi atakuulizia."

"Kwa nani? Nani kabaki?" Mama alikuwa anasonga ugali, mwiko haukusimama. "Mwanamume aliyekaa kimya muda huu wote anarudi na aibu, dada. Haji kuuliza uliza watu. Atakuja kwa njia yake, hii hii, usoni chini. Akikuta maji atasema, hakuningoja. Atageuka. Wangapi wamegeuka hivyo? Wapo huko Tanga mpaka leo, wake zao huku wanadhani wamekufa."

"Na ukifa wewe na mtoto ndani ya tope?"

Mama akaongeza unga, akaendelea kusonga.

Mimi kwenye mkeka nilikuwa nataka kucheka. Nilijua jambo ambalo watu wazima wale wawili hawalijui. Mama aliogopa maji yasije yakamzuia baba. Kumbe maji ndiyo yanayomleta! Mama alimwomba Mungu usiku na mchana yasimame, na mimi pembeni yake, kichwa kimefunikwa shuka moja, nilimwomba Mungu yaje. Huwa nafikiria maombi yale mawili yalivyopanda pamoja kutoka kwenye mkeka mmoja. Wote wawili tulikuwa tunaomba arudi mtu yule yule.

Mvua zikaja. Sijui kama zilikuwa kubwa kuliko nyingine, kwa mtoto mvua zote ni kubwa. Nakumbuka kwamba hapakuwa na mchana wala jioni, kulikuwa na mwanga wa kijivu tu unaokuja na kuondoka, na vyura. Nakumbuka kigingi cha mpera kilivyozama, kichwa chake cheupe kinaonekana chini ya maji kama jino. Mapera yaliendelea kuiva, yakaangukia majini, yakaelea mbele ya nyumba yetu, na nyumba nzima ikanukia mapera na tope. Halafu maji yakafika kwenye kinu. Mama akakivuta kinu nyuma. Maji yakakifuata. Akakivuta tena.

Bwana Vipimo akaja, amevaa gunia kichwani kama kofia ya mvua.

"Mama Nyamizi, nimepima leo asubuhi na nimepima saa hii. Leo lala ukiwa umevaa."

"Nimekusikia, baba."

"Kunisikia siyo kuhama."

"Nimekusikia," mama akarudia, akaendelea kuchambua karanga.

Akasimama pale mlangoni, maji yanamtiririka. Alimtazama mama, akatazama moto, akatazama sufuria ya mboga juu ya mafiga. Nikaona uso wake unabadilika, unakuwa ule uso wa siku ya mwavuli.

"Mnyamwezi," akasema kwa sauti kubwa, "mafiga yako mazuri. Huko kwetu hatuna mawe kama haya, tuna mchanga tu. Nimeyapenda."

Akaipua sufuria, akaiweka chini. Akasambaza kuni. Akalivua gunia kichwani, akaliloanisha, akalifunga kwenye figa la kwanza lililokuwa la moto bado, likatoa mvuke, akalibeba begani. Akatoka nalo mvuani.

Mama akainuka nusu. Mdomo wazi. "We! We Mzaramo!"

"Njoo uyachukue!" akajibu kutoka kwenye giza la mvua, anapanda mwinuko. "Mnyamwezi bila mafiga ni mpangaji tu!"

Akarudi kuchukua la pili. Akarudi kuchukua la tatu. Mama alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, mikono kiunoni, na mtani hakasirikiwi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sijawahi kuona tena, mpaka uzee huu, mtu akifanya yote mawili kwa nguvu sawa hivyo. Pale chini palibaki majivu na vishimo vitatu. Maji yakaingia kwenye kishimo kimoja, yakazunguka, yakatulia.

"Chukua kigoda," mama akaniambia. "Twende tukadai mawe yetu."

Bwana Vipimo aliyapanga mafiga hatua chache tu kutoka kwenye lile jiwe la zege. Akatujengea kibanda cha turubai siku ile, na mvua zilipokatika, yeye na mama mkubwa na wachunga mbuzi wale wale niliowapiga mawe wakasimamisha nyumba. Nililiamkia jiwe kila asubuhi. Sasa tulikuwa jirani.

Na pale juu ndipo siku zangu zilipokuwa ndefu na laini kuliko siku zozote nilizopata baadaye. Mama hakufagia tena, hapakuwa na njia ya kufagia. Alikaa mlangoni akipukuchua mahindi, uso umeelekea chini, kwenye maji yaliyolala juu ya nyumba yetu. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikitazama huko huko. Mstari wa vigingi ulishuka kutoka miguuni kwangu: cheupe, cheupe, cheupe, halafu cha jikoni kikiwa kimezama nusu, halafu maji. Mawingu yalipita juu na mawingu yalipita chini. Wakati mwingine nilisinzia nikiwa nimekaa, nikiamka sijui kama nimefumbua macho juu au chini. Bwana Vipimo alipita na mtumbwi wake juu ya shamba letu, akitumbukiza bildi pale tulipokuwa tunapanda karanga, na sauti yake ikinifikia polepole, anajisemea namba.

Kiangazi kikawa kimeanza kukaza, maji yamepungua kidogo, siku nilipomwona.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Ile miti myeupe ilikuwa imening'inia kama kawaida yake. Mmoja ukatembea. Nilitazama bila kushangaa, siku zile sikushangazwa na kitu. Ulikuja taratibu, ukazama kidogo, ukainuka kidogo, ukawa mtu. Kabeba kifurushi kichwani, kakishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umenyooka pembeni kama ndege anayekausha bawa. Maji yalikuwa kiunoni kwake. Akafika pale ilipokuwa nyumba yetu, akasimama. Alisimama muda mrefu. Nilimwona anatikisika, bega hili, bega lile, kama mtu anayetafuta kitu kwa miguu chini ya maji.

Kisha akainua uso. Akaona kigingi cha jikoni. Akaona kinachofuata. Akaanza kupanda, maji yakamshuka, kiuno, mapaja, magoti, na akatoka.

Sikumkimbilia. Nilimkimbilia mama.

"Mama! Pwani imefika! Imemleta baba!"

"Acha upuuzi, Nyamizi." Hakuinua hata kichwa. Halafu akainua. Gunzi likamwanguka mkononi.

Yule mtu akasimama karibu na jiwe, hakusogea zaidi. Maji yalikuwa yanamdondoka na kutengeneza kidimbwi. Alikuwa mwembamba, mikono imejaa makovu ya mkonge, na sura, ndiyo, alikuwa na sura. Ilikuwa yangu.

"Nilidhani mmekufa," akasema. "Nimefuata njia, njia ikaingia majini, nikaingia nayo. Nikasema hata wakiwa humo nitawakuta humo. Nikafika jikoni. Nikayatafuta mafiga kwa miguu." Akayatazama yale mawe matatu na moto wake. "Hayakuwapo. Nikasema, mafiga hayaelei. Kuna mtu kayabeba."

Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini. Wanawake wa zamani hatukuwa na mambo ya kukumbatiana hadharani.

"Umelowa," akasema. "Sogea motoni."

Akasogea. Mama akampa kigoda, akaweka sufuria, akaanza kukoroga. Bwana Vipimo alipopanda kutoka kwenye mtumbwi na kumkuta mgeni, mama akamwambia tu, "Mtani, yale mafiga uliyoniibia, leo yanamkausha mwenyewe." Naye Bwana Vipimo, mtu wa maneno mengi, akavua kofia, akaenda kukaa kwenye jiwe lake.

Miaka mingi niliamini nimeona pwani ikimleta baba. Nilipoambiwa maana yake na watu wenye akili niliitikia, nikasema kumbe. Lakini nilimwona kwa macho yangu akitoka majini, na hakuna anayeweza kunitolea jambo hilo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Zuhura alinichukua mpaka bwawani. Amesoma mambo haya haya, ana kindege chake cha kupiga picha kutoka juu, anapima ukingo ulivyohama tangu zamani. Maji yamerudi nyuma sana siku hizi. Vigingi havipo, lakini jiwe lipo, limepata ukungu wa kijani. Nikaliamkia. Zuhura akajifanya hakusikia.

"Bibi," akasema, "mlipokuwa mnakaa hapa, maji yalifika wapi?"

Nikashuka naye mpaka palipokuwa na jiko. Nikasimama hapo. "Hapa. Kiunoni kwa baba yangu."

"Baba yako alikuwa mrefu kiasi gani?"

Nikamwambia asimame karibu nami, nikamwonyesha kwa mkono juu ya bega lake, na akaandika. Vizuri. Mtu wa vipimo na aandike.

Kisha nikaendelea kushuka peke yangu, polepole, magoti haya siyo yale, mpaka kwenye maji. Nikainama, nikachovya kidole.

"Bibi! Usinywe hayo maji, machafu!"

"Sinywi," nikamjibu. "Naonja."